Panya Weupe wa Chumba cha Viazi

Nasikia siku hizi mnafuga panya. Wengine mnawauza vyuoni, wengine mnawalisha nyoka, na wengine, Mungu awasamehe, mnawavika vikofia na kuwapiga picha. Sicheki. Mimi nimefuga panya weupe miaka ishirini na sita, na kati ya hiyo kumi na mmoja niliwafuga nyumbani kwangu hapa Kwai, chini ya paa moja na mama mkwe. Mkitaka kujua kipi kilikuwa kigumu zaidi, kaeni vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa mjini Lushoto, kwenye kituo cha kupimia magonjwa. Jina lake waachieni wenye kibao. Sisi wa nyuma tulizalisha panya, wa mbele waliwatumia. Sitawadanganya kwamba waliishi hadi uzeeni wakizungukwa na wajukuu. Walikufa ili watu wa milimani wajue mapema kama ugonjwa ule umerudi. Ugonjwa wenyewe ni tauni, na waliozaliwa juzi mnaweza kulitamka neno hilo huku mnatafuna karoti. Wakubwa wenu hawawezi.

Aliyenifundisha ni Mzee Yohana, Mlutheri wa upande wa Mlalo, mrefu, mkavu, aliyekuwa akiwaimbia panya nyimbo za kanisani kwa sauti nzito. Alisema zinawatuliza. Mimi naona walinyamaza kwa hofu. Siku yangu ya kwanza hakunipa koti wala daftari. Alinipa kipande cha kalamu ya risasi akaniambia nipite kwenye vizimba vyote, nijaribu kukipenyeza kila tundu.

"Penye kupita kalamu, mtoto wa panya kapita," alisema. "Akishapita huyo, usimwite panya wako tena. Huyo ni wa Mungu."

Kwa hiyo mnaponiletea picha za vizimba vya waya wa kuku nashindwa nianzie wapi. Waya wa kuku ni wa kuku. Chukua beseni gumu la plastiki, refu kwenda juu, kata mfuniko wa waya wenye vitundu vidogo, ufunge kwa vibanio. Sanduku la mbao usitumie. Mbao inakunywa mkojo, na baada ya miezi miwili nyumba yote inanuka kama choo cha stendi, halafu wanalitafuna na kutoka kupitia kona ambayo wewe unaitazama. Kama unaviweka juu ya meza, tumbukiza miguu ya meza kwenye makopo yenye oili chafu, maana siafu wa huku hawabishi hodi. Nimewahi kufungua mlango asubuhi nikakuta mifupa.

Kosa langu la kwanza kubwa lilitokana na arusi. Nilikuwa nimetoka kwa binamu yangu, nimefukizwa udi mpaka kwenye nywele, nikaenda kazini hivyo hivyo nikijiona malkia. Kulikuwa na mama mmoja aliyezaa usiku uliopita, watoto tisa, wekundu kama maharage. Nikaingiza mkono niwaone. Nilipotoka kunywa chai na kurudi, hapakuwa na mtoto hata mmoja, na mama yao alikuwa anajisafisha masharubu.

Nililia. Mzee Yohana akanusa hewa, akaniangalia kichwani.

"Umewapelekea harufu ya arusi," akasema, "nao wamefanya karamu."

Panya haoni mbali. Anakusoma kwa pua. Mikono ioshwe kwa sabuni isiyonukia, kisha ifikiche kwanza kwenye maranda wanayolalia ya kizimba kilekile, ndipo uguse. Na mama aliyezaa mwache siku nne tano bila kumsumbua. Ungependa wewe mtu aje kukufunua siku ya pili? Basi.

Mengine nitayasema haraka maana mnayaona kwenye simu zenu. Wale wa aina ndogo unawashika shina la mkia na kuwawekea kiganja chini. Wale wa aina kubwa usiwashike mkia hata siku moja, wakumbatie kifuani kama mtoto anayekataa kuoga. Dume mmoja, majike wawili au watatu. Mimba ni wiki tatu hivi. Wiki tatu nyingine watoto wanaacha ziwa, na hapo hapo watenge madume na majike, usingoje Jumatatu. Jike akishazaa leo, dume akiwa humo, leo hiyohiyo anaweza kushika mimba nyingine. Wanaume, mnanisikia lakini hamjioni.

Kuwatofautisha dume na jike wakiwa wadogo ni kuangalia umbali kati ya tundu na tundu chini ya mkia, dume umbali mrefu, jike mfupi. Ukikosea unawaozesha kaka na dada. Mimi nimeozesha wengi na sikualikwa kwenye sherehe yoyote.

Sasa walifikaje nyumbani kwangu. Mvua za mwaka mmoja ziling'oa paa la chumba cha panya pale kituoni. Mzee Yohana akanifuata jikoni tulipokuwa tunakausha vyakula vya panya, akaniomba nichukue mbegu yote, maana yake panya wote wa kuzalishia, nikae nao wiki mbili mpaka paa lirudi. Yeye aliishi chumba kimoja cha kupanga, mimi nilikuwa na nyumba. Na wakifa hao, alisema, hakuna pa kupata wengine karibu, na kazi ya watu wa mbele inasimama.

Wiki mbili. Mnaijua wiki mbili ya paa la umma. Ilikuwa miaka kumi na mmoja.

Tatizo halikuwa mahali. Tatizo lilikuwa mama mkwe. Bi Kidawa, mama yake mume wangu Salehe, alikuwa mfupi, mwembamba, na macho yaliyokuwa yakikuhesabia vijiko vya sukari. Nilikuwa namwogopa na naona vizuri kusema hivyo sasa. Lakini alikuwa na sababu ya kuwachukia panya ambayo huwezi kumlaumu. Tauni ilipoingia kitongojini kwao zamani, ilimchukulia mdogo wake wa kiume na binti yake wa kwanza, Zuhura, katika wiki moja. Zuhura alikuwa na miaka saba. Tangu hapo Bi Kidawa hakutamka neno panya. Alisema "wale." Na kila aliyetoka shambani alisimamishwa mlangoni, afunue pindo la nguo likaguliwe viroboto, awe mtoto, awe shehe.

Salehe alikuwa dereva wa lori la mbao huko Shume. Nilimweleza kwa hofu, maana Zuhura alikuwa dada yake.

"Hawa ni wa maabara?" akaniuliza.

"Hawajawahi kuona shamba. Wala mama zao, wala bibi zao."

"Waweke chumba cha mbegu za viazi. Mama haingii mle, giza linamuumiza macho." Kisha akaongeza, "Na mimi sijui chochote. Sikuwepo."

Hivyo ndivyo wanaume wanavyosaidia.

Kwa miezi mitatu niliishi kama jambazi. Chakula niliingiza ndani ya ndoo ya kuogea. Maranda, yaani vumbi la randa la kuwalazia, Salehe alinishushia kutoka Shume, na hapo mjifunze kitu. Maranda ya mtarakwa yananukia vizuri, watu wanayapenda, lakini harufu ile inamwumiza panya kifua. Chukua ya paini, uliza kama mbao zilipigwa dawa, kisha uyaanike juani mpaka yakauke. Mama mkwe alipouliza maranda ya nini nilimwambia ya kuhifadhia viazi. Alinitazama, akasema, "Viazi vya siku hizi vina adabu ya kulala kitandani."

Baridi ya Kwai ndiyo ilinitesa. Mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda. Nilijaribu kuwapandisha wengine darini juu ya jiko, pale tunapotundika mahindi ya mbegu, nikidhani nimepata akili. Moshi ukawaziba pua wakaacha kuzaa. Nikawashusha, nikawapa karatasi zilizochanwa wajifumie viota, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga kando ya beseni. Wakanishukuru kwa kuzaliana kwa fujo.

Halafu ikaja siku ya kuku.

Madume wakubwa wawili walipigana, mmoja akafa. Sheria ya Mzee Yohana ilikuwa kwamba kila mfu aende kituoni kwenye kopo, akaguliwe. Nilikuwa nimechelewa gari la karoti ambalo lilinipa lifti kila asubuhi, kopo sikuliona, nikamfunga marehemu kwenye gazeti, nikamweka dirishani nyuma ili nimchukue kesho. Kesho ya nani? Kuku alimvuta, akamburura kwenye majivu na tope mpaka uani, akamwachia mbele ya miguu ya Bi Kidawa aliyekuwa anachambua maharage. Weupe wote umeshatoka. Aliona panya mkubwa wa kijivu, amekufa, hajapigwa na mtu.

Ninyi mngechukua fagio. Kwa mtu wa milima hii aliyeiona tauni, panya aliyekufa bila kupigwa ana maana moja tu, kwamba ugonjwa umeshaingia ndani, toka. Hakupiga kelele. Alichukua msahafu, mkeka na sufuria moja, akapita nyumba kwa nyumba. Wala hakueleza mengi. Alisema, "Wale wameanza kuanguka," na wote wenye umri wake wakasimama.

Niliporudi alasiri nilikuta kitongoji kitupu. Milango wazi, sufuria za ugali jikoni, redio ya mtu inaongea peke yake. Nilidhani kiama kimefika na mimi nimeachwa, jambo ambalo halikunishangaza sana. Kisha nikasikia mbuzi kule juu. Nikapanda. Kaya kumi na nne zilikuwa kwenye shamba la mahindi, na watoto, na kuku kwenye matenga, na mzee mmoja mgonjwa aliyebebwa kwenye kiti. Ukungu ulishaanza kushuka. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anatafuta mtu wa kumtuma kwa watu wa afya.

"Mama Hemedi, usishuke tena!" akaniambia. "Kwenu ameanguka mmoja."

Hapo nilipaswa kuchagua. Ningenyamaza, watu wangelala nje kwenye baridi ile, na yule mzee asingeamka. Ningesema, mnajua.

"Yule ni wangu," nikasema.

"Wako vipi?"

"Nimemfuga. Alipigana na mwenzake."

Mwenyekiti akatua fimbo. "Umemfuga. Unao wangapi?"

"Sitini na wanne."

"Sitini na wanne!"

"Juzi walikuwa hamsini," nikasema, na sijui kwa nini nilisema.

Sijawahi kutukanwa na watu wengi hivyo kwa pamoja, kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, na wengine walichanganya ili wasikose. Kuna aliyesema nyumba ichomwe. Kuna aliyesema nichomwe mimi, nyumba ina bati zuri. Bi Kidawa peke yake hakunitukana. Alikaa juu ya mkeka wake, msahafu kifuani, ananitazama. Nilipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Kwetu hilo ni zaidi ya kofi.

Baadaye sana akauliza, "Wana viroboto?"

"Hawana, mama."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyesema viazi."

Akainuka, akajifunga kanga, akashuka peke yake kuelekea nyumbani, nasi wote nyuma yake kwa mbali. Akaingia kwenye chumba kile ambacho alikuwa hakiingii, akakaa juu ya gunia la mbegu, akaniambia, "Nishikie mmoja." Nikamshika jike mpole, nikamsogezea. Akampuliza manyoya kinyumenyume, kama tunavyompuliza kifaranga tukitafuta chawa. Hakuona kitu. "Mwingine." Hivyo hivyo, sitini na wanne, wakubwa na wadogo, mpaka adhana ya magharibi, na watu wamejaa uani wakisubiri hukumu.

Alipotoka alifungua fundo la kanga yake, akatoa kiberiti, akakiinua wote wakione.

"Sijaona," akasema. "Lakini mnisikie. Siku nitakayomwona kiroboto mmoja, njiti moja inatosha. Nachoma kile chumba na vilivyomo. Na huyu mkwe wangu atatafuta kwingine pa kuolewa."

"Tumesikia," akasema mwenyekiti. Na wote wakaitikia kwamba wamesikia. Mnaelewa uzito wake. Haikuwa hasira ya jikoni. Ilikuwa ahadi ya mama aliyezika, mbele ya watu.

Tangu siku hiyo nilikuwa na mkaguzi ambaye kituo kizima hakikuwahi kuwa naye. Kila asubuhi baada ya chai, Bi Kidawa aliingia na chanuo la meno membamba na kitambaa cheupe, kiberiti kwenye fundo. Alichana panya mmoja mmoja juu ya kitambaa. Mwanzoni aliwashika kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa nzi kwenye maziwa. Baada ya mwaka alikuwa anawagombeza. Baada ya miaka miwili aliwapa majina, na kwa kuwa alikuwa na ulimi mbaya, madume wote aliwapa vyeo vya serikali. Dume mnene aliyekula, akalala na kuacha majike wamzunguke aliitwa Mwenyekiti. Siku moja mwenyekiti mwenyewe yupo uani anakunywa kahawa, sauti ikatoka ndani, "Mwenyekiti amemng'ata mkewe tena! Huyu ahasiwe!" Mgeni aliacha kikombe nusu.

Mzee Yohana alipokuja kukagua alitembea chumbani mikono nyuma, akatazama mabeseni, akanusa, akakosa cha kulaumu. "Onga mshi, mama," akamsalimu Bi Kidawa kwa heshima, kisha akaniambia pembeni, "Usimruhusu huyu afe."

Mama mkwe aliniokoa mara nyingi kuliko nilivyokiri wakati ule. Salehe alikuwa na bustani ya kabichi bondeni, nikawa nawapa panya majani ya nje. Asubuhi moja mama mkwe akalinusa jani, akaniuliza bustani ilipigwa dawa lini. Juzi, nikasema. Akalitupa. Mimi nikajifanya mjuaji, nikalisuuza kwa maji na kuwapa wale wa beseni la mwisho. Jioni walikuwa wamelala chali wote sita. Kabichi zilizobaki, msiniulize, zilishapanda lori kwenda Dar es Salaam. Toka siku hiyo nawaambia watu wote, kama mboga huiamini kwa panya, usimpe mgeni.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo sijalisimulia kabla, kwa sababu kwa miaka mingi sikujua kuwa ni langu.

Chakula chao nilikitengeneza mwenyewe. Pumba za mahindi, unga wa dagaa, soya kidogo, chumvi kiasi cha kuonja, unakanda, unakata vipande, unakausha mpaka viwe vigumu, maana panya asipotafuna kitu kigumu meno yanarefuka mpaka yanamtoboa. Pumba nzuri zilitoka Mnazi, kule tambarare kwenye joto. Sheria ya Mzee Yohana ilikuwa kwamba chochote kinachotoka nje kianikwe juani siku mbili kabla hakijavuka mlango. Mwaka ule mvua haikukatika. Gunia la Mnazi lilifika, uani tope, jua hakuna. Nikaliingiza ndani moja kwa moja. Nikajiambia pumba ni pumba.

Siku tatu au nne baadaye nilirudi kazini nikakuta moshi uani. Bi Kidawa amewasha moto mkubwa. Maranda yote, viota vyote, gunia la pumba, vyote anavichoma. Mapipa mawili ya maji yanachemka, anamwagia mabeseni, sakafu, kuta. Panya amewajaza kwenye ndoo tupu zilizofunikwa kwa waya, mama na watoto pamoja, baada ya kuwachana mmoja mmoja. Paka wetu amefukuzwa na hakurudi tena.

"Mama, nini hiki?"

"Pamechafuka," akasema.

"Wana watoto wachanga hawa! Wamezaa juzi!"

"Pamechafuka."

Unajua nini hutokea ukimsumbua mama aliyezaa juzi. Nilipoteza watoto wa mama watatu jioni ile, na kituoni walikuwa wanawasubiri. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia mzee mzima anaanza kupotewa na akili. Nilimwambia kwamba chumba kile ni kazi yangu na si makaburi ya Zuhura. Ndiyo, nilisema hivyo. Bi Kidawa aliendelea kuvuta maji.

Kisha akahamishia mkeka wake kwenye chumba cha panya. Alisema paa la chumbani kwake linavuja, nami nilijua halivuji. Akalala mle wiki mbili nzima, na mchana akakaa mle, akitoka kwa swala na choo tu. Chakula aliniambia niweke mlangoni. Wajukuu akawakataza wasimkaribie, na mimi alinitaka nisiingie, atawalisha mwenyewe. Nikajisemea mambo mengi moyoni, na hakuna hata moja zuri. Niliona ananidhalilisha. Salehe aliporudi kutoka Shume nikamwambia ama mama yake ama mimi.

Siku ya kumi na tano akatoka, mkeka kwapani, akaomba maji ya moto ya kuoga. Tukaendelea kuishi. Ukaguzi ukaendelea na chanuo lake. Mimi sikumwomba radhi. Nilingoja anianze yeye, naye hakuwa mtu wa kuanza. Miaka minne baadaye alikufa kwa uzee wake, amelala, na wiki ileile nilipata habari kwamba paa la kituo limekwisha kujengwa.

Tulipomaliza arobaini, Salehe aliniomba nifungue sanduku la mama yake tugawe nguo. Kanga nyingi hazikuwahi kufuliwa hata mara moja. Chini kabisa kulikuwa na ile aliyokuwa akijifunga kila siku, ya rangi ya kahawia, imekunjwa vizuri, na fundo lake bado limefungwa. Nilijua ni kiberiti. Nilikifungua nikitaka kucheka, maana nilikumbuka siku ile shambani, kaya kumi na nne na mbuzi wao, na mimi na sitini na wanne wangu.

Ndani ya kiberiti mlikuwa na njiti moja tu. Kando yake kulikuwa na kipande kidogo cha kile kitambaa cheupe, kimekunjwa mara nne. Nikakikunjua. Katikati kulikuwa na kidoa cheusi, kikavu, cha ukubwa wa mbegu ya mchicha, na nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu kiasi cha kutohitaji mtu wa kunieleza kina miguu mingapi. Nikakumbuka gunia la Mnazi ambalo sikulianika, na ahadi aliyoitoa mbele ya watu, na kwamba chumba hakukichoma wala mimi hakunifukuza. Nikakumbuka siku kumi na nne ambazo alikaa ndani peke yake, asimruhusu mtu kusogea, akingoja aone kama kuna atakayeugua, na kama yupo awe yeye. Nikakumbuka nilichomwambia juu ya mtoto wake.

Nilikaa sakafuni nikalia mpaka Salehe akaja kuuliza kuna nini, nikashindwa kumwonyesha. Nimemwonyesha mwaka huu.

Basi anikeni magunia yenu, wanangu, hata mvua ikinyesha wiki nzima, subirini. Kiberiti ninacho mpaka leo. Kina kiroboto mmoja, na kando yake njiti moja, nzima, haijawahi kuwashwa.